Sikukuu ya Vaisakhi: Jinsi Masingasinga Waiadhimishavyo

Katika miji mingi ya Kenya, tangu Mombasa mpaka Kisumu, watu wamezoea kumwona Singasinga. Wanakifahamu kilemba chake na ndevu zake zisizokatwa, nao wanamjua kuwa fundi hodari wa mbao, wa mawe, wa chuma na wa magari. Wengi humwita Kalasinga, jina ambalo husemwa kwamba lilitokana na Kala Singh, mfanyi biashara mmoja wa zamani. Walakini wako watu wengi waliokaa jirani na Masingasinga miaka mingi bila kupata kujua huenda kuabudu namna gani, au kwa nini wengine huchukua kisu kiunoni, au ni jambo gani linalowakusanya wote, wazee kwa watoto, katikati ya mwezi wa Aprili. Wazee wetu walisema, asiyekujua hakuthamini. Na jirani asiyejulikana, licha ya kutothaminiwa, aghalabu huogopwa bure. Kwa hiyo yafaa ielezwe habari ya sikukuu yao kubwa iitwayo Vaisakhi, asili yake, na jinsi inavyoadhimishwa.

Sikukuu hii huangukia tarehe 13 au 14 Aprili kila mwaka. Jina lake ni jina la mwezi wa Vaisakh katika hesabu ya miezi ya Kihindi. Ina maana mbili zilizofungamana. Ya kwanza ni ya wakulima wote wa nchi ya Punjab, wawe wa dini gani: ni sikukuu ya mavuno. Ya pili ni ya Masingasinga peke yao: ni siku ya kukumbuka jinsi jamii yao iitwayo Khalsa ilivyoundwa mwaka 1699.

Punjab iko kaskazini ya Bara Hindi, na jina lake maana yake ni maji matano, kwa sababu ya mito mitano ipitayo huko. Tangu mwaka 1947 nchi hiyo imegawanyika, sehemu yake ya magharibi ikawa Pakistan na sehemu ya mashariki ikawa India. Ngano ndiyo chakula chao kikuu. Hupandwa wakati wa baridi unapoanza, na ifikapo Aprili mashamba yote yamekuwa ya rangi ya dhahabu. Mkulima wa Kenya atafahamu upesi furaha ya siku hizo. Miezi mingi mtu hutazama mbingu kwa wasiwasi, akiogopa mvua ya mawe au ukame. Kisha siku moja nafaka imekomaa, deni laweza kulipwa, na watoto watakula. Ndipo ngoma kubwa iitwayo dholi hupigwa, na wanaume hucheza bhangra, ngoma ya wakulima, kwa kuruka na kuinua mikono juu. Zamani za kale watu wa Punjab walikuwa wakikutana siku hiyo kwenye magulio, kuuza na kununua na kushindana mieleka.

Dini ya Masingasinga ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, mahali paitwapo sasa Nankana Sahib, katika nchi ya Pakistan. Neno guru maana yake ni mwalimu, na neno Sikh maana yake ni mwanafunzi. Nanak alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, hana umbo, wala hapendelei taifa fulani. Na kwamba yampasa mtu kumkumbuka Mungu, kufanya kazi kwa uaminifu, na kugawana na wenziwe alichokipata. Katika nchi iliyogawanya watu kwa ukoo, hata mtu wa ukoo wa juu asikubali kula na mtu wa ukoo wa chini, mafundisho hayo yalikuwa mapya na ya kushangaza.

Baada ya Nanak walifuata Waguru wengine tisa. Wa tatu wao, Guru Amar Das, aliwaagiza wafuasi wake wakusanyike mbele yake katika mji wa Goindwal wakati wa Vaisakhi. Hivyo gulio la mavuno likaanza kuwa mkutano wa dini. Guru huyo aliweka na sharti moja: kila atakaye kumwona, sharti kwanza aketi chini na kula pamoja na watu wote. Masingasinga husimulia kwamba hata Akbar, mfalme mkuu katika Bara Hindi, alipokwenda kumzuru, aliketi chini safuni akala kama mkulima ye yote.

Miaka ikapita, na nyakati za taabu zikaja. Mwaka 1675 Guru wa tisa, Tegh Bahadur, aliuawa mjini Delhi kwa amri ya Mfalme Aurangzeb. Masingasinga humkumbuka kama mtu aliyekufa kwa kutetea haki ya watu kufuata dini yao wenyewe, hata dini isiyokuwa yake; maana Wahindu wa Kashmir ndio waliokuwa wamemwendea kuomba msaada. Mwanawe, Gobind, alikuwa bado mtoto. Ndiye aliyekuwa Guru wa kumi, na ndiye aliyeifanya siku ya Vaisakhi iwe kama ilivyo leo.

Masimulizi ya Masingasinga yaeleza hivi. Siku ya Vaisakhi ya mwaka 1699, Guru Gobind aliwaita wafuasi wake katika mji wa Anandpur, chini ya vilima vya Himalaya. Makutano yalikuwa makubwa. Guru akatoka hemani, upanga wazi mkononi, akauliza ni nani aliye tayari kutoa kichwa chake kwa ajili ya imani. Watu wakanyamaza kimya. Akauliza mara ya pili, na mara ya tatu, hata mtu mmoja jina lake Daya Ram, mwenyeji wa Lahore, akasimama. Guru akamwongoza hemani. Waliokuwa nje wakasikia kishindo cha upanga, na Guru akatoka tena, upanga unatiririka damu, akataka kichwa cha pili. Wengine wakaingiwa na hofu, wakakimbia. Lakini mtu wa pili alisimama, na wa tatu, na wa nne, na wa tano. Kisha Guru akawatoa wote watano hemani, wazima, wamevaa nguo mpya na vilemba. Tangu siku hiyo waliitwa Wapenzi Watano.

Yafaa kuwatazama watu hao watano walikuwa nani. Mmoja alikuwa wa ukoo wa wafanyi biashara, wa pili mkulima, wa tatu mchota maji, wa nne fundi wa nguo, wa tano kinyozi. Walitoka pande mbalimbali za Bara Hindi, mbali kwa mbali. Kwa desturi za siku zile, watu kama hao wasingekunywa maji katika chombo kimoja. Guru akatwaa bakuli la chuma, akatia maji na vipande vya sukari, akayakoroga kwa upanga wenye makali pande mbili huku akisoma sala. Maji hayo matamu huitwa amriti. Akawapa wote watano wanywe katika bakuli lile lile moja. Kisha akafanya jambo ambalo watu hawakulitazamia. Yeye mwenyewe, mwalimu wao, alipiga magoti mbele yao, akaomba wampe na yeye amriti kama alivyowapa wao. Mwalimu akawa mwanafunzi wa wanafunzi wake.

Majina yao ya ukoo yakaondolewa. Kila mwanamume akapewa jina la Singh, maana yake simba. Na desturi ikawa kwamba mwanamke huitwa Kaur, jina la heshima kama la binti mfalme. Gobind naye akawa Gobind Singh. Wapenda mashindano ya magari wa Kenya watalikumbuka jina hilo kwa sababu ya Joginder Singh, aliyeshinda mashindano ya Safari mwaka 1965, na tena mwaka 1974 na 1976. Jina la simba, basi, lilitolewa hata kwa watu ambao wenzao waliwadharau, wapate kusimama wima.

Waliopokea amriti waliagizwa kuchukua alama tano. Ya kwanza ni nywele zisizokatwa, ambazo hufungwa kwa kilemba. Ya pili ni kitana cha mbao cha kuziweka safi. Ya tatu ni bangili ya chuma, si ya dhahabu, ili mtu akumbuke kwamba mkono wake umefungwa na Mungu usitende maovu. Ya nne ni suruali fupi ya ndani, ishara ya kujizuia na uasherati. Ya tano ni kile kisu ambacho wengine hukiogopa, kiitwacho kirpani. Si silaha ya ugomvi. Ni ukumbusho kwamba mtu asiuinamie udhalimu, na kwamba yampasa kumtetea mnyonge. Tena waliopokea amriti hawaruhusiwi kuvuta tumbako, wala kulewa, wala kuzini.

Sasa kuhusu jinsi siku yenyewe inavyoadhimishwa. Matengenezo huanza siku mbili mbele. Nyumba ya ibada, iitwayo gurudwara, hufagiliwa na kupambwa. Ndani yake hamna sanamu wala picha ya kuabudiwa. Kilichowekwa mahali pa heshima ni Kitabu, Guru Granth Sahib, juu ya mito, chini ya chandarua. Kitabu hicho kilikusanywa kwanza na Guru Arjan na kuwekwa katika hekalu la Amritsar mwaka 1604. Na mwaka 1708, kabla ya kufa kwake, Guru Gobind Singh aliagiza kwamba baada yake hapatakuwa na mtu atakayekuwa Guru, ila Kitabu hicho ndicho Guru wao milele. Kina kurasa 1,430. Ndani yake mna nyimbo za Waguru, na pia za watakatifu wa Kihindu na wa Kiislamu, hata za watu wa koo zilizodharauliwa.

Kabla ya sikukuu, Kitabu chote husomwa kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukatizwa, usiku na mchana, kwa muda wa saa 48 hivi. Wasomaji hupokezana, wanaume kwa wanawake. Anayechukua zamu huketi kando ya mwenziwe na kuanza kusoma pamoja naye, ili sauti isinyamaze hata kidogo. Mtu akiingia saa tisa za usiku atamkuta msomaji yu macho, akisoma polepole, na pengine bibi mmoja au wawili wakisikiliza.

Asubuhi ya Vaisakhi usomaji hukamilishwa, na watu hutoka uani penye mlingoti mrefu wa bendera. Kila gurudwara ina mlingoti huo, ili mgeni au mtu mwenye njaa auone toka mbali ajue mahali pa kukimbilia. Mlingoti hulazwa chini, nguo ya zamani iliyouzungushia huvuliwa, nao huoshwa kwa maji na maziwa kwa mikono ya watu wengi. Kisha huvikwa nguo mpya, ya rangi ya zafarani au ya samawati, na kusimamishwa tena kwa shangwe. Baada ya hayo watu hurudi ndani kusikiliza nyimbo za Kitabu, ziimbwazo kwa kinanda cha mkono na ngoma ndogo. Ibada humalizika kwa sala ambayo wote huisimamia, wakiombea si watu wao tu bali heri ya wanadamu wote. Ndipo kila mtu hupewa kiganjani fungu la halua ya unga wa ngano, samli na sukari. Wote hupata sawasawa.

Siku hiyo ndiyo hasa wengi huchagua kuingia katika Khalsa. Watu watano waaminifu, mfano wa wale Wapenzi Watano, huyatayarisha maji matamu katika bakuli la chuma kama ilivyofanywa Anandpur. Kila aingiaye hunywa amriti mara tano katika mikono yake, na hunyunyiziwa mara tano machoni na mara tano nyweleni. Wala si Masingasinga wote walioingia katika Khalsa. Jambo hili ni nadhiri, na mtu huifanya kwa hiari yake akiwa na akili timamu.

Katika miji mingi hufanyika pia maandamano. Kitabu huchukuliwa katika gari lililopambwa kwa maua. Mbele yake hutembea watu watano waliovaa zafarani, wameshika panga wazi, miguu bila viatu. Na mbele yao wengine hufagia barabara na kuinyunyizia maji. Vijana huonyesha mchezo wa panga na fimbo uitwao gatka. Kando ya njia watu hugawia kila apitaye vyakula na vinywaji, bure. Maandamano hayo huonekana Amritsar na Anandpur, na pia kila mahali Masingasinga walipohamia, kama vile Southall katika Uingereza, na Vancouver na Surrey katika Kanada, ambako watu huhudhuria kwa maelfu mengi.

Lakini jambo ambalo mgeni hulikumbuka kuliko yote ni chakula. Kila gurudwara ina jiko lake liitwalo langari, na siku ya Vaisakhi jiko hilo halipoi. Wanawake na wanaume husukuma chapati pamoja; dengu huchemka katika masufuria makubwa; wali wa maziwa hutiwa sukari. Hapana nyama, ili mtu wa dini yo yote aweze kula bila wasiwasi. Watu huketi chini kwa safu, tajiri kando ya mchukuzi, daktari kando ya mfagizi, nao huhudumiwa na watu wasiolipwa. Mwenye duka kubwa huonekana akiosha masahani. Katika hekalu la Amritsar makumi ya maelfu ya watu hula hivyo kila siku ya mwaka, wala hakuna aulizwaye dini yake.

Siku ya Vaisakhi ina pia kumbukumbu ya uchungu. Tarehe 13 Aprili 1919, siku ya sikukuu, watu wengi walikusanyika mjini Amritsar katika uwanja wa Jallianwala, uliozungukwa na kuta na wenye njia chache nyembamba. Baadhi yao walikuja mkutanoni kupinga sheria kali za serikali ya Waingereza. Wengine walikuwa wakulima waliokuja kwa sikukuu tu. Jemadari Dyer akawaamuru askari wake kupiga bunduki bila kuwaonya watu, na risasi zikaendelea dakika kumi hivi. Hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu 379 waliokufa, na watu wa India husema walikuwa wengi zaidi sana. Masingasinga, Wahindu na Waislamu walikufa pamoja mahali pamoja. Kwa hiyo katikati ya furaha ya mavuno wako wanaonyamaza kidogo siku hiyo, na haifai kuwauliza kwa nini.

Hapa Kenya sikukuu hii ililetwa na watu wa reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901, watu kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli tangu Mombasa mpaka Ziwa la Victoria, wengi wao wenyeji wa Punjab; na 2,500 hivi walikufa kwa maradhi, ajali na simba wa Tsavo. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, bali wengine walikaa, wakawa mafundi, makarani na polisi. Mwaka 1926 Masingasinga waliofanya kazi katika reli walijenga gurudwara huko Makindu, Ukambani, kando ya njia ya Nairobi na Mombasa. Nyumba hiyo ingaliko, na msafiri yeyote aingiaye, awe Mkamba, Mzungu au Mhindi, hupewa chakula na chai bila kudaiwa senti. Dereva wa lori aliyechoka aijua vizuri zaidi kuliko wasomi wengi.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mafundisho ya Anandpur yametimizwa yote. Baina ya Masingasinga wenyewe tofauti za ukoo hazikufa. Hata katika Kenya ziko gurudwara zilizojengwa na mafundi wa ukoo wa Ramgarhia, na nyingine zilizojengwa na watu wa koo nyingine, na katika mambo ya ndoa wazee wengi bado huuliza ukoo wa kijana. Tena kati ya jamii yao na Waafrika palikuwa na ukuta miaka mingi: walifanya kazi karakana moja, walakini jioni kila mmoja alikwenda kwake, na mmoja hakujua mwenziwe ala nini. Masingasinga wenye busara hukiri jambo hilo, tena huona aibu kwalo, kwa kuwa kila Vaisakhi hunywa katika bakuli moja ili kusema kinyume chake. Kabila gani, au dini gani, iwezayo kumcheka mwenziwe katika neno hili?

Atakaye kuwaona siku ya Vaisakhi haimpasi kungoja mwaliko. Mlango u wazi. Avue viatu mlangoni, anawe mikono, na kufunika kichwa. Asiyekuwa na kilemba wala kofia atapewa kitambaa. Asiingie na sigara wala pombe, wala asiingie akiwa amekunywa. Ndani ataketi chini, wala asielekeze nyayo zake kwenye Kitabu. Akipewa halua, aipokee kwa mikono miwili. Kisha afuate wengine jikoni, aketi safuni, atandaziwe sahani, ale ashibe. Hapana atakayemwuliza jina la baba yake. Na akimaliza, akitaka kushukuru, asitoe fedha ila akipenda mwenyewe. Achukue sahani yake, aende mahali pa kuoshea, awasaidie wale wanaoosha. Kwa Masingasinga hiyo nayo ni ibada.